Akaunti tatu za akiba na riba zake: kilichobaki baada ya kodi na makato

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka akiba katika benki mbili hapa Morogoro, kwa akaunti za aina tatu: akaunti ya akiba ya kawaida, akaunti ya malengo inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara wangu wa ualimu, na amana ya muda maalumu. Benki zenyewe sitazitaja, kwa kuwa masharti ninayoyaeleza yapo katika benki nyingi nchini, na mteja anayeyafahamu ataweza kuyauliza popote anapofungua akaunti. Nilichokuwa nikikitazama muda wote ni kiasi kinachobaki mkononi baada ya riba kukokotolewa, kodi kukatwa na ada kuondolewa, maana bango la ukutani hutaja asilimia peke yake.

Nianze na akaunti ya akiba ya kawaida, ambayo kwa maoni yangu haistahili kuitwa ya akiba. Taarifa za kila mwezi za Benki Kuu ya Tanzania zimekuwa zikionyesha kwamba wastani wa riba ya akaunti za aina hii unacheza karibu na asilimia 3 kwa mwaka, huku mfumuko wa bei nao ukiwa umezunguka kiwango hicho hicho, kwa hiyo hata mteja asiyegusa fedha yake hapati cha kujivunia. Juu ya hapo serikali huchukua asilimia 10 ya riba kama kodi ya zuio, ambayo benki huikata yenyewe kabla ya kukuingizia chochote. Lililonishangaza zaidi ni namna riba inavyokokotolewa. Kuna mwezi nilikuwa na shilingi 2,000,000 hadi siku za mwisho, nikatoa 1,700,000 kulipia ada ya shule ya watoto, nikabakiwa na 300,000. Taarifa ya akaunti ilipotoka ilikuwa na mistari mitatu iliyofuatana: riba 750, kodi ya zuio 75, ada ya uendeshaji 1,500. Nilipouliza dirishani, dada aliyenihudumia alinieleza kwa upole: "Mwalimu, mfumo unaangalia salio la chini kabisa la mwezi. Hata ungekuwa na milioni kumi tarehe ishirini, ukishazitoa, hazihesabiwi." Kwa mwezi huo, basi, benki ilinilipa shilingi 675 na kunitoza 1,500. Akaunti yangu ya benki ya pili hukokotoa riba kwa salio la kila siku na haina ada ya mwezi, na ingawa asilimia yake kwenye bango ni ndogo kidogo, mwisho wa mwaka imenipa zaidi.

Akaunti ya malengo ndiyo ninayoipenda, japo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Utaratibu wake ni kwamba unachagua kiasi na muda, unasaini agizo la kudumu, na kila mshahara unapoingia fedha hiyo inahamishwa kabla hujaiona. Mwenzangu wa ofisini aliyeweka shilingi 100,000 kila mwezi kwa riba ya asilimia 6 alitarajia kwamba mwisho wa mwaka, akiwa na 1,200,000, angepata asilimia 6 ya jumla hiyo, yaani 72,000. Alipoona chini ya 40,000 aliamini kabisa kwamba ameibiwa. Tulikaa na kalamu tukapiga hesabu. Laki ya kwanza imekaa benki miezi kumi na miwili, ya pili kumi na mmoja, ya tatu kumi, na ya mwisho imekaa mwezi mmoja tu. Laki moja kwa asilimia 6 kwa mwaka huzaa shilingi 500 kwa mwezi. Ukijumlisha miezi yote ambayo kila laki imekaa unapata 78, na 500 mara 78 ni 39,000. Kodi ya zuio ikiondoa 3,900, mkononi inabaki 35,100. Hakuna aliyemwibia. Anayeweka kidogo kidogo kwa mwaka mmoja hupata zaidi kidogo ya nusu ya kile alichokitarajia kwa kutazama asilimia na jumla ya mwisho, na ni haki kwamba benki ziseme hivyo waziwazi kwenye vipeperushi vyao badala ya kumwachia mteja agundue mwenyewe.

Hata hivyo, ulinganisho wa haki ni kati ya akaunti ya malengo na akaunti ya kawaida kwa uwekaji ule ule. Laki hizo hizo kumi na mbili kwa asilimia 3 zingezaa 19,500, na baada ya kodi 17,550. Na kama akaunti inatozwa ada ya 1,500 kila mwezi, ada ya mwaka mzima ni 18,000, hivyo mteja anamaliza mwaka akiwa amepungukiwa shilingi 450 kwa kuweka akiba. Akaunti yangu ya malengo haina ada hiyo. Sharti lake gumu ni kutotoa fedha kabla ya muda: benki moja hunyima riba ya robo mwaka ukitoa mara moja tu, ilhali nyingine hukuruhusu kutoa mara moja katika kila robo bila adhabu. Tofauti hiyo ndogo, kwa mtu mwenye wazazi kijijini na simu zinazoingia usiku, ina uzito kuliko nusu asilimia ya riba.

Amana ya muda maalumu haina mengi. Unahitaji kuanza na kiasi cha maana, unaifunga, unasubiri. Wastani wa riba kwa amana ya miezi kumi na miwili ulikuwa ukizunguka asilimia 8 hadi 9 katika mwaka 2023 na 2024, kwa hiyo 1,200,000 iliyokwisha kukusanywa, hata kwa asilimia 8, huzaa 96,000, na baada ya kodi 86,400. Mimi huihamishia huko fedha ya malengo inapotimia. Mwenye kiasi kikubwa asione haya kujadiliana riba na meneja wa tawi, maana kiwango cha kwenye bango ni cha watu wasiouliza.

Wapo wanaonishauri niachane na benki niende kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja; mfuko huo ulianza mwaka 2013. Huo nao nimeanza kuutumia, lakini ni uwekezaji wa vipande, yaani sehemu za mfuko unazozinunua, ambavyo thamani yake haiahidiwi, wala haulindwi na Bodi ya Bima ya Amana, chombo kinachowafidia wateja benki inapofilisika. Kwa upande wa benki, bodi hiyo humlinda kila mteja hadi shilingi 7,500,000 kwa kila benki, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka 1,500,000. Januari 2018, Benki Kuu ilipozifunga benki tano kwa mkupuo, kiwango kilikuwa bado hicho cha chini, na ndiyo sababu sipendi kuweka amana yangu yote mahali pamoja hata riba ikiwa nzuri.

Jambo la mwisho la kuangalia ni fomu ya amana ya muda maalumu, mahali palipoandikwa maelekezo ya siku ya kuiva, yaani siku muda wa amana unapokwisha. Usipoweka alama, benki nyingi huihuisha amana yako yenyewe kwa muda ule ule na kwa riba ya siku hiyo, ambayo huenda ikawa ya chini kuliko uliyoanza nayo. Yangu inaiva mwezi Machi, na nimekwisha kuelekeza kwa maandishi kwamba mtaji na riba virudi kwenye akaunti yangu, ili nikaulize kwanza viwango vya benki zote mbili kabla sijaifunga tena.