Cherehani ya ngozi ya Kariakoo: mashine safi, ila yule jamaa wa dukani...

Kama unashona ngozi na unataka kununua cherehani ya kiwandani Kariakoo, soma hapa kabla hujatoa hela. Duka silitaji. Wenye mtaa wao wanalijua, na msiolijua mtalifikia tu, maana ndilo lenye bei ya chini kuliko majirani zake wote, na hapo ndipo wanapotunasa.

Natengeneza mikoba, mikanda na makobazi. Ngozi yangu ni ile ngumu iliyosindikwa kwa gome la muwati, miti hiyohiyo inayolimwa Njombe, siyo ile laini iliyosindikwa kwa kemikali ya kromu, ya kuvalisha masofa. Nimeshona kwa mkono miaka mingi, msharasi na sindano mbili, halafu nikahamia kwenye ile mashine ndogo ya Kichina ya mafundi viatu ya kuzungusha. Inashona, siikatai, lakini ukimaliza mikanda ya siku nzima bega halinyanyuki hata kuchana nywele. Kwa hiyo nilipojichangachanga nikafika kwenye mashine ya umeme, mtumba wa Japani, yenye ule mkono mwembamba wa duara unaoingia ndani ya mkoba, niliona mambo yamenyooka. Ilikuwa mwaka juzi, karibu na Pasaka, au labda imeshapita, sikumbuki vizuri.

Sifa za mashine yenyewe siziandiki, mtazikuta kila mahali. Niseme moja tu mapema kabla hasira hazijapanda: inavuta ngozi kwa meno ya chini, kwa sindano na kwa mguu wa juu, vyote kwa pamoja. Kwenye cherehani ya kawaida meno yanavuta ngozi ya chini peke yake, ya juu inachelewa, na ukifika mwisho wa mkanda vipande viwili ulivyovikata sawa havilingani tena. Hii haina hiyo tabia. Hapo heshima yake naitoa.

Sasa tuje dukani. Jamaa alitoa kipande cha jinzi, akakikunja kunja, akakanyaga pedali, mshono ukatoka umenyooka. Nikamwambia nimekuja na ngozi yangu, tuijaribu. Akacheka. "Dada, ikishona jinzi mikunjo minne, ngozi ndiyo nini?" Nikasisitiza. Akasema sindano ya ngozi haipo karibu, iko stoo, na stoo ina mtu mwingine na huyo mtu kaenda kula. Wakati huo kijana wa mkokoteni alikuwa ameshaanza kufunga kamba kwenye meza ya mashine. Risiti ikaja, imeandikwa chini kwa wino mwekundu: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nyumbani nikaweka sindano ya ngozi namba 22, nailoni nene ile ya kushonea mikanda, vipande viwili vya ngozi vilivyogundishwa, kwa pamoja kama milimita tano hivi. Ikashona mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu ikaruka. Ikashona tena, ikaruka. Juu unaona uzi umelala mrefu, chini haujadakwa kabisa.

Kwa asiyeshona ngozi hii inaonekana jambo dogo. Kwenye kitambaa unafumua, unapiga pasi, tundu linajifunga. Kwenye ngozi tundu likishatobolewa limetobolewa. Ukirudia juu yake na sindano ikaangukia pembeni kidogo tu, umetengeneza mstari wa kuchanikia, na siku mteja akiweka kompyuta yake humo mkanda unaachia palepale. Mkanda wa begani wa kwanza niliouharibu ulikuwa wa mkoba wa mteja, ngozi ya mgongoni kabisa, sehemu bora ya ng'ombe, isiyo na kovu la kupe wala alama ya chapa. Ngozi ya namna hiyo hupati kila siku hapa kwetu, ng'ombe wengi wanapigwa chapa ubavuni na kuchanwa na miiba tangu wakiwa ndama.

Na mota! Wamenifungia mota ya klachi, ile ya zamani inayonguruma muda wote ukiishaiwasha, ushone usishone. LUKU inakwenda mbio wakati mimi nimekaa napaka gundi. Ukigusa pedali inaruka, mishono kadhaa imeshapita kabla hujaondoa mguu. Kwa mtu wa kushona mapazia hiyo ni sawa. Mimi nazunguka kona ya pochi yenye upana wa kidole.

Nikapiga simu. "Kaza uzi wa juu." Nikakaza, ukakatika. "Legeza." Nikalegeza, chini ikawa mafundofundo matupu. "Basi ilete." Kuileta ndiyo hivyo, nikafungua kichwa cha mashine kutoka mezani, mimi na kijana wa jirani tukakibeba, tukakipakia kwenye bajaji kutoka Mbagala, jua kali, foleni ya Kilwa Road mnaijua.

Nimefika, yule jamaa amekaa kwenye stuli, simu mkononi. Salamu yangu aliijibu kwa kichwa. Nikamwekea mezani kile kipande cha mkanda kilichorukwa ili akione. Hakukishika. Alikisukuma kwa ncha ya kidole kimoja, kikateleza hadi ukingo wa kaunta, kikaanguka upande wangu. Halafu ndiyo akasema, bado anaangalia simu: "Mama, cherehani haina shida. Ngozi yako ndiyo yenye shida. Kailainishe."

Nikamwambia ngozi ya gome hailainishwi ikawa ya kromu, na kwamba mashine hii imetengenezwa kwa kazi za namna hii. Akaniambia mafundi wa siti za magari wamenunua kwake na hakuna aliyerudi. Kisha, mbele ya wateja wengine: "Akina mama mkinunua mashine hizi muwe mnatafuta na kijana wa kuziendesha."

Nimeiandika kama alivyosema. Niliokota mkanda wangu, sikumjibu. Nilikuwa na majibu mazuri sana yaliyonijia nikiwa kwenye bajaji ya kurudi, lakini hayo hayana faida tena. Kwa siku ile hukumu yangu ilikuwa moja: msiende, msinunue, hata bisibisi msinunue pale.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Keko, anawatengenezea mashine washona masofa. Hakuwasha umeme hata kidogo. Alitoa kibati cha chini, akamulika kwa tochi ya simu, akazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, akaniita. "Njoo uangalie mwenyewe, mama." Sindano inashuka mpaka mwisho, inaanza kupanda, na hapo uzi unatakiwa ujitune kidogo nyuma ya sindano ili ile ndoano inayozunguka ipite na kuudaka, juu kidogo tu ya tundu la sindano. Yangu ilikuwa inapita juu mno, mbali na tundu, pale ambapo uzi umeshabana. Taimingi yote imeharibika.

Akaniuliza natumia sindano gani. Nikamwonyesha, 135x16, zenye ncha ya kukata, ndizo za mashine hii. 135x17 ni urefu uleule ila ncha yake ya mviringo, ya kitambaa. Akasema, "Sindano yako ni sahihi. Walioiuza ndio walikuwa wanatumia nyingine." Akanielekeza kwenye skrubu inayokaza kile chuma kirefu kinachobeba sindano. Rangi yote ya zamani ya mashine ile imekolea mafuta na vumbi jeusi, lakini kichwa cha skrubu ile kilikuwa kimechubuka, mfereji wake umelika, chuma cheupe kinang'aa kipya kabisa. Kuna mtu alikifungua juzijuzi na bisibisi isiyokitosha.

Sasa mnaelewa? Sindano za DPx5 za cherehani za kawaida za viwandani ni fupi kuliko hizi, ni rahisi na zimejaa kila duka. Walikuwa wameshusha kile chuma ili zile fupi zifike chini na zishone jinzi ya maonyesho. Ukiweka sindano sahihi, ndefu, inapitiliza. Kwa hiyo yule aliyeniambia ngozi yangu ndiyo yenye shida alikuwa na jibu mfukoni mwake tangu siku ya kwanza. Na sindano ya ngozi "iliyokuwa stoo"! Hapa ndipo damu ilinichemka kuliko pale kaunta. Matusi ningeyavumilia, Kariakoo ni Kariakoo. Hili la kunidanganya kwa makusudi halafu kunifanya nionekane sijui kazi yangu, hapana.

Mzee alipandisha chuma, akaweka ndoano sawa, akaongeza mgandamizo wa mguu wa juu, kwa sababu kwenye ngozi nene sindano ikipanda inainua na ngozi, na ngozi ikinyanyuka ule uzi haujituni. Akachukua msasa laini akayasugua meno ya chini, yalikuwa makali, yanang'ata ngozi ya gome na alama haitoki kirahisi (zile zilizobaki nazilowesha kidogo na kuzisugua kwa mgongo wa kijiko). Akasema mota nibadilishe, niweke servo. Nilibadilisha baadaye. Haitoi sauti mpaka ukanyage, na unaweza kushona mshono mmoja mmoja kama unashona kwa mkono.

Na baada ya hapo? Jamani. Ile mashine inashona. Kona, mikono ya mkoba, pembeni kabisa mwa buckle ya mkanda, mishono imelala mshazari kidogo kama ya mkono, maana ncha ya kukata inapasua ngozi kwa mlalo huo. Nimeweka urefu wa milimita nne. Ukishona ngozi kwa mishono midogo midogo unaichana mwenyewe kama karatasi ya stempu. Uzi wa mwisho nauvuta chini, nakata, naugusa na kiberiti cha gesi, unayeyuka na kuzama. Kumalizia ukingo bado ni kwa mkono na ndivyo napenda: msasa, maji kidogo, kijiti cha mbao chenye mfereji, nasugua mpaka vipande viwili vionekane kimoja, halafu nta ya nyuki ya Tabora. Zamani bega lilikuwa limeshachoka kabla sijafika hatua hiyo na kingo zangu zilikuwa hovyo. Sasa nafika nikiwa na nguvu. Wateja wanapitisha kidole ukingoni kabla hata hawajafungua zipu.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ninajuta kununua, nashindwa kusema ndiyo. Nikiulizwa kama nakushauri uende duka lile, nilitaka kusema hapana kwa herufi kubwa, na nusu ya maandishi haya niliyaandika kwa nia hiyo. Lakini nimeulizia maduka mengine tangu hapo. Mashine ya aina hii, mtumba wa Japani, kwa wengine bei inapanda sana, na sijaona anayekuruhusu kujaribu na ngozi yako kwa moyo mkunjufu. Mmoja alitaka kunilipisha kwa kujaribu. Ukiongeza malipo ya mzee wa Keko na mota mpya kwenye bei yangu, bado nimelipa chini ya wao. Nachukia kuliandika hili.

Nendeni basi, lakini nendeni na sindano zenu mkononi, ngozi yenu, na uzi wenu. Mwambieni azitie mbele yenu. Akigoma, ondokeni hata kama mkokoteni umeshapakiwa. Angalieni ile skrubu. Na kama mnaye fundi wa kwenda naye, nendeni naye, si kwa sababu aliyoisema yule, ila kwa sababu mbele ya mwanamume mwenzake mwenye bisibisi mfukoni anakuwa mpole ghafla. Nimemwona kwa macho yangu alivyompokea yule mzee tulipokwenda wote kuulizia kibati cha chini. Stuli aliiachia yeye mwenyewe. "Karibu baba, karibu." Mimi nimesimama pembeni, mwenye mashine.

Kibati alikuwa nacho. Bei yake ya haki, siwezi kudanganya. Na sindano za ngozi anazo pia, namba 22 na 23, sasa ziko droo ya chini upande wa kushoto na siyo stoo. Chukueni zenye pakiti isiyofunguliwa, maana anachanganya.