Uzoefu wangu: tovuti ya mapishi ya familia iliyotengenezwa na darasa la mwanangu

Mwanangu anasoma Kidato cha Pili hapa Temeke, na muhula uliopita mwalimu wao wa Kiswahili aliwataka wakusanye mapishi ya nyumbani kwao, kisha wayachapishe kwa kutumia huduma ya bure ya kutengenezea tovuti. Nimeyapikia kwa miezi miwili sasa, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, nami nayapa nyota 4 kati ya 5.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya vipimo. Fomu ya kujazia mahitaji inakubali gramu na mililita tu, hivyo mwanangu alilazimika kubeba fungu la kisamvu hadi dukani kwa jirani likapimwe kwenye mizani ya sukari. Sasa imeandikwa gramu 400, jambo ambalo muuza mboga yeyote wa Tandika atalicheka.

Hata hivyo, kisamvu hichohicho ndicho kilichonishawishi kwamba kazi hii ina maana. Mama yangu alipoulizwa kinachemshwa dakika ngapi, alijibu, “Mpaka kiive, mjukuu wangu, na sufuria usiifunike.” Kijana akaandika dakika 10 na kuliacha hilo la sufuria, akidhani ni mazoea ya wazee tu. Mwalimu alimrudishia daftari na kumtuma kwa mwenzake wa kemia, ambaye alimweleza kwamba majani ya muhogo yana kemikali zinazozalisha sianidi, kwamba kuyatwanga vizuri na kuyachemsha sana huipunguza, na kwamba sumu hiyo hutoka na mvuke sufuria ikiachwa wazi. Maelezo hayo yamewekwa juu kabisa, kabla ya karanga na tui. Mama alisomewa, akauliza kwa nini yeye hakuaminiwa mapema.

Mtori wa familia moja yenye asili ya Kilimanjaro ulinitoka vizuri mara ya kwanza. Vitumbua vilinishinda, kwani mwandishi alisahau kutaja kwamba mchele hulowekwa usiku kucha. Picha nazo ni nzito, zinakula bando.

Marekebisho ya vitumbua nimeyatuma, lakini nywila anayo mwalimu peke yake na shule imefungwa, kwa hiyo anayetaka kuvipika wiki hii aloweke mchele wake leo jioni.