Mpako wa seramiki au blanketi la turbo?

Moshi unaopita kwenye turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi huo ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ya gari la petroli linaloendeshwa kwa nguvu huweza kufikia nyuzi 900 za Selsiasi, na joto hilo lisipozuiwa huunguza nyaya na mipira iliyo chini ya boneti. Kinga ni mbili: blanketi, yaani kifuniko cha kuzuia joto kinachofungwa juu ya turbo, au mpako wa seramiki unaopuliziwa kwenye chuma chenyewe. Kwa bei, blanketi linashinda, kwani kwa kawaida hufungwa bila kuing'oa turbo. Seramiki hudai kasha la upande wa ekzosi livuliwe, lisafishwe kwa kupigwa mchanga, lipuliziwe na kuokwa tanurini. Ila ikishashika haihitaji matunzo mengi, na huzuia kutu. Blanketi nene hubakiza joto zaidi ndani, lakini likinyonya oili inayovuja huweza kuwaka moto, na kwangu hilo ni zito kuliko bei. Kwa turbo isiyovuja na mfuko mdogo, blanketi latosha. Injini ikiwa tayari imefunguliwa, seramiki inastahili gharama yake.