GeoGebra kwenye kipindi cha hesabu: nzuri, ila karatasi itangulie

Programu hii ya kuchora grafu na maumbo ni ya bure kwa shule, na ukishaipakua kwenye simu haidai bando. Tumeipima kwa swali la darasa la saba: mstatili una mzingo wa sm 24, eneo lake kubwa kabisa ni lipi?

Andika a=1 (a ni urefu wa upande mmoja), na kitelezi, yaani kitufe cha kuburuta kinachobadilisha thamani ya a, kinajitokeza chenyewe. Angalia hapo: kinaanzia -5 na kuishia 5, kwa hiyo mwanafunzi anapata urefu hasi, na 6 haifikii kamwe. Kiweke 0 hadi 12, hatua 1. Kisha andika (a, a*(12-a)), yaani nukta ya upande na eneo lake: urefu na upana kwa pamoja ni 12, nusu ya mzingo. Akisahau mabano ya ndani, a ikiwa 6 anapata 66 badala ya 36. Nukta isipoonekana, punguza ukubwa wa grafu. Imepanda juu ya kioo.

Udhaifu wenyewe si wa programu. Watoto huburuta mpaka namba iache kupanda, basi, wamemaliza. Waulize kwa nini 6, kimya. Jedwali la mkono (1×11, 2×10, 3×9…) litangulie, na kila mmoja akisie jibu kabla simu haijawashwa. Simu moja kwa watatu inatosha: mmoja aburute, wawili waandike.