Waini nyekundu sita zimevaa soksi: ya boksi, ya Dodoma na ya laki mbili na sitini

Jumamosi iliyopita nimefanya kitu nilichokuwa nakitaka siku nyingi. Nimenunua waini nyekundu za aina sita, ya bei chee kabisa ni ya boksi na ya bei mbaya kabisa nimeilipia laki mbili na sitini, nikaita watu sita nyumbani hapa Mbezi, mimi wa saba, tukaonja zote bila kujua ipi ni ipi. Nilitaka jibu la swali moja tu, hela unayoongeza unaisikia mdomoni au unaisoma kwenye lebo?

Swali lenyewe kwangu sio la starehe tu. Mjomba wangu analima zabibu Hombolo, nimekua nakimbia kwenye hayo mashamba, najua vidole vinavyonata wiki ya mavuno, na Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili wa tatu halafu tena wa nane wa tisa, jambo ambalo wenzetu wa Ufaransa hawana. Halafu nakuja Dar naenda kwenye sherehe, mtu anaishika chupa ya Dodoma kwa vidole viwili kama kashika panya, anaiweka chini ya meza, juu ya meza zinabaki za nje. Hajaonja. Kasoma tu. Inaniuma sana hiyo.

Kazi ya kuficha nilimpa mke wangu kwa sababu yeye hanywi. Akachukua soksi za mpira za watoto, zile ndefu za kufika magotini, kila chupa akaivalisha mpaka shingoni akabandika plasta yenye namba, ile ya boksi akaimimina kwanza kwenye chupa tupu ili umbo lisiitoe, vizibo vyote vikabaki jikoni. Na kuna kitu kimoja alikifanya bila kuniambia, ntakieleza huko chini.

Zote zilikaa kwenye friji dakika arobaini. Najua kuna watakaosema waini nyekundu hainywewi ya baridi, lakini hilo joto la chumba wanalolisema watu ni chumba cha Ulaya cha nyuzi 17 au 18, sio sebule ya Mbezi ambayo saa kumi jioni feni inapepea na bado shati limegandia mgongoni. Ukiinywa ya moto pombe inakupanda puani, utamu unakuwa kama sharubati, na hapo ya elfu kumi na ya laki zote zinafanana kwa ubaya. Kama huwa unakunywa waini nyekundu kwa joto la Dar na unasema huipendi basi bado hujaionja, iweke kwenye friji kidogo kwanza halafu ndo useme.

Zilizokuwepo ni hizi. Ya boksi ya lita tano kutoka Afrika Kusini, nilipogawanya inakuja kama elfu tisa kwa ujazo wa chupa moja. Ya Dodoma, ile dray, yani kavu isiyo na utamu, elfu kumi na tatu. Casillero del Diablo ya zabibu za aina ya Cabernet Sauvignon, ya kampuni ya Concha y Toro ya Chile, elfu thelathini na nane. Roodeberg ya kampuni ya KWV ya Afrika Kusini ambayo iko sokoni tangu 1949, elfu arobaini na mbili. Cabernet ya shamba moja la Stellenbosch, Afrika Kusini hukohuko, laki na arobaini. Na Bordeaux ya Ufaransa yenye picha ya kasri kwenye lebo, hiyo ndo ya laki mbili na sitini, nimeinunua duka moja la mjini lenye taa nyingi. Kila mtu glasi mbili, tunamimina kidogo, tunaonja, tunasuuza na maji, tunaandika alama juu ya ishirini, kimya, hakuna kuchungulia karatasi ya mwenzio. Ishirini nimeitoa kwenye lile shindano la Paris la tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza muuza waini Steven Spurrier aliwaonjesha Wafaransa wenyewe waini za kwao na za California bila lebo, na nyekundu iliyoshika namba moja ikawa ya California, Stag's Leap ya 1973, ikazipita Bordeaux zenye majina makubwa. Majaji walikuwa wataalamu haswa na bado lebo ilipoondoka hukumu ikageuka.

Sasa mdomoni. Namba moja ilikuwa laini, matunda na moshi kidogo, hakuna aliyeinunia. Namba mbili inanukia pipi na ndizi mbivu, tamu, inapita kama juisi, mama jirani akasema hii ndo yake na asibughudhiwe. Namba tatu watu wakanyamaza, rangi nzito, harufu kama zambarau zilizoiva na kitu kama kahawa, ukakasi upo ila umeshikwa vizuri. Namba nne nilipoileta puani nikajua kuna tatizo, inanuka zabibu kavu zilizochemshwa, ukionja inaanza na utamu wa kuungua halafu inaisha ghafla, inabaki siki. Namba tano nyepesi kwa rangi, chachu kidogo kama ukwaju, halafu unakuja ukakasi ule wa kula zambarau nyingi ulimi ukawa kama umefutwa na kitambaa, ila ni safi, haina harufu ya ajabu, na mate yanakuja mdomoni unataka kula. Namba sita ilikuwa imefungwa, sijui niseme vipi, kali, kavu, haitoi harufu, unahisi kuna kitu ndani lakini haikupi. Namba saba ikafanana na tatu, nikadhani ulimi wangu umechoka.

Tukajumlisha, jumla kamili ni 140. Namba tatu 101, sita 97, moja 96, tano 93, saba 90, mbili 88, nne 71.

Mke wangu akaanza kuvua soksi. Tatu ni Casillero. Sita ni Stellenbosch ya laki na arobaini. Moja Roodeberg. Tano ni Dodoma, na hapo niliruka kwenye kiti kabisa, alama tatu tu nyuma ya Roodeberg, nne nyuma ya chupa ya laki na arobaini, na watu wawili kati ya saba walikuwa wameandika kwamba ni ya Ulaya. Mbili ni boksi. Nne, ya mwisho kabisa, ni Bordeaux ya laki mbili na sitini.

Na saba? Saba ni Casillero tena, chupa ileile, alijaza kwenye chupa nyingine akaivalisha soksi yake. Hicho ndo alichofanya kimyakimya. Shemeji yangu amefanya kazi baa ya hoteli Zanzibar miaka kumi na mbili, anajua kunusa, anajua kuzungusha glasi, alikuwa ameipa tatu alama 17 na saba alama 12. Waini moja! Akaangalia karatasi yake akasema "shem, hii haiwezekani", akaomba aonjeshwe upya zote mbili. Mimi mwenyewe nilizipishanisha kwa alama mbili. Sio kwamba hajui kazi, hata majaji wa mashindano ya waini ya California State Fair, maonyesho ya jimbo la California, walishafanyiwa hivyohivyo kwa miaka kadhaa, wanamiminiwa waini moja mara tatu kutoka chupa moja bila kuambiwa, na waliokuwa wanarudi kwenye alama za karibu ni kama mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo tofauti ya alama chache kwenye jedwali langu msiitumie kugombana, 101 na 93 hazijaachana kihivyo. Ile 71 ndo iko peke yake.

Niizungumzie hiyo 71 maana ndo iliyonigharimu. Nilienda jikoni nikatafuta kizibo chake, upande umelowa rangi mpaka juu, maana yake waini ilishapanda na kupenya, na hiyo ni kazi ya joto. Nikakumbuka dukani ilikuwa imesimamishwa rafu ya juu kabisa chini ya balbu, vumbi begani, inaonekana imekaa hapo muda mrefu maana nani ananunua ya laki mbili na sitini kila siku. Ya boksi na ya Dodoma zinaisha rafuni ndani ya wiki, zinaletwa nyingine. Kwa hiyo huku kwetu chupa ghali inaingia ulingoni tayari imepigwa, sio kwamba Wafaransa hawajui kutengeneza, ni kwamba ile tuliyokunywa ilishaiva kwa mara ya pili dukani. Hili naliona ni kubwa kuliko mjadala wote wa chee na ghali na wauzaji wetu wengi hawalijali kabisa, wanaweka kiyoyozi cha wateja mchana, usiku wanazima, chupa zinapikwa taratibu.

Kilichonishangaza zaidi ni kilichofuata. Soksi ilipotoka ikaonekana lile kasri la dhahabu, dada yangu aliyekuwa ameipa 9 akaomba tena kidogo, akanusa, akatulia, akasema "unajua sasa naanza kuielewa, ina heshima fulani". Ni ileile! Sikumbishia kwa sababu nadhani hakuwa anaongopa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Caltech na Stanford vya Marekani walitoa kazi yao 2008, waliwalaza watu kwenye mashine ya kupima ubongo wakawapa waini kwa mrija, waini hiyohiyo wanaambiwa mara ya dola 10 mara ya dola 90, na ile ya 90 sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikawaka zaidi. Yani bei inaonjwa kweli, utamu unausikia, ila hautoki kwenye chupa. Mwaka huohuo wengine wakachambua maonjo zaidi ya 6,000 ya Marekani yaliyofanywa bila lebo wakakuta watu wa kawaida waliipenda ghali kidogo chini ya chee, waliosomea ndo walielekea kidogo kwenye ghali. Kwangu ilitokea hivyo, shemeji na mtu mmoja mwingine aliyewahi kufundishwa ndo walioipa Stellenbosch alama za juu, wengine wote iliwakwaza.

Lakini ngojeni, sijamaliza na hiyo Stellenbosch. Saa mbili usiku mbuzi akatoka jikoni, choma na ndizi za kuchoma na kachumbari yenye pilipili, chupa zote wazi mezani bila soksi, kila mtu ajimiminie anachotaka. Ile iliyokuwa imefunga mdomo saa kumi na moja ikawa imefunguka, harufu ya majani ya mnanaa, karafuu, kama ngozi ya mkoba mpya, ukakasi ulioniudhi mwanzo ukakutana na mafuta ya mbuzi ukageuka hariri. Ikaisha ya kwanza. Ya pili kuisha ikawa Dodoma, uchachu wake na kachumbari vilielewana kama ndugu. Ile ya boksi iliyokuwa tamu kwa funda moja, glasi ya pili ilishaanza kuchosha, hata mama jirani aliiacha nusu akahamia Roodeberg. Kuna sukari kidogo inaachwa makusudi kwenye nyekundu nyingi za bei chee ili kuficha ukali, na kwa mtu anayeonja mafunda saba harakaharaka sukari hiyo inashinda, kwa mtu anayekaa mezani masaa matatu inakinai. Kwa hiyo mashindano ya kuonja yenyewe yanazibeba za chee kidogo, nasema hivi na mimi ni mtu wa kuzitetea.

Kuhusu hela inakoenda, chukua pipa tu. Pipa jipya la mwaloni la Kifaransa ni lita 225, sawa na chupa 300, hata pipa likiwa euro mia tisa ni euro tatu kwa chupa, na za chee wanatumbukiza vipande vya mwaloni kwenye tanki wanapata harufu inayokaribia. Ongeza zabibu kuchaguliwa kwa mkono, mzabibu kuachiwa vichala vichache, kukaa na mzigo miaka miwili bila kuuza. Vyote hivyo vinaeleza kwa nini chupa ya elfu arobaini inaizidi ya elfu tisa, na nimeiona hiyo tofauti. Ila kutoka laki na arobaini kwenda laki mbili na sitini sijaona pipa, nimeona kasri na usafiri na ushuru.

Ntakazonunua tena: Casillero kwa wageni ambao sijui wanapenda nini, Dodoma dray kila wiki ya nyama na iwe ya baridi kidogo, Stellenbosch siku yenye sababu na nitaifungua masaa matatu kabla. Roodeberg sawa tu, salama. Boksi labda kwa sangria, ile waini ya kuchanganya na matunda. Bordeaux sitanunua tena kwenye rafu ya Dar mpaka nione imelazwa mahali pa baridi, na nyie mkinunua chupa yenye kizibo gusa kwanza kama ina joto, angalia kizibo kisiwe kimetokeza juu ya mdomo, angalia na mwaka wa waini kwenye lebo.

Jumapili asubuhi nikampigia mjomba nikamsomea alama zote. Akaniuliza, "Mjomba, hao wageni walijua ni ya kwetu?" Nikamwambia hawakujua mpaka soksi ilipotoka. Akakaa kimya kidogo halafu akataka nirudie ile ya laki na arobaini ilipata ngapi na ya kwetu ngapi, nikarudia, nikamsikia anamwita mama mkubwa aje asikilize.