Bastola ya Kwanza kwa Mfuko Mdogo: Anza na Risasi

Mtu anayenunua bastola mara ya kwanza huuliza bei ya chuma chenyewe. Swali linalotangulia ni kama risasi zake zinapatikana, na kwa bei gani. Bastola ya bei nafuu isiyo na risasi dukani ni kipande cha chuma cha kulipia leseni kila mwaka.

Kabla ya yote, karatasi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu ushike bastola bila cheti cha umiliki, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha baada ya kukuchunguza na kuridhika kuwa una sababu ya kweli. Basi usitoe hata malipo ya awali kabla ya kukubaliwa. Muuzaji awe na leseni, na kila nambari iliyochongwa kwenye silaha ilingane na iliyoandikwa kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Kwa silaha iliyotumika, ulizia kama mwenyewe alipita ukaguzi wa wamiliki wote ulioagizwa Desemba 2018. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru na uondoke. Na anayekunong'onezea bastola "safi" isiyo na karatasi anakuuzia kesi. Hujui imeshatumika wapi.

Sasa risasi. Nunua bastola ya risasi za 9x19 (upana wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita), ile inayoitwa pia Parabellum au Luger. Ndiyo inayotumika na polisi na raia wengi, kwa hiyo ndiyo utakayoipata kwa urahisi. Lakini neno "milimita tisa" limewaponza wengi. Kuna 9x17 ya bastola ndogo za mfukoni, kuna 9x18 ya Makarov, na hakuna inayoweza kuchukua nafasi ya mwenzake. Soma maandishi kwenye mtutu, usisikilize mdomo wa muuzaji. Cheti nacho hutaja aina ya risasi na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo, hivyo kosa la hapa halirekebishwi kwa kubadilisha boksi dukani.

Kwenye kila shilingi kumi ulizo nazo, bastola isile zaidi ya sita. Zinazobaki ni za sefu, magazini (kikasha cha risasi) ya pili, ala nzuri, risasi za mazoezi na mwalimu. Anayemaliza zote kumi kwenye bastola huishia kuifungia kabatini na nguo, na hajawahi kupiga nayo risasi hamsini.

Nafasi ya kwanza tunaipa CZ 75 B iliyotumika na kutunzwa, au ndugu zake wadogo wa aina hiyo hiyo. Wakenya wanaijua kwa jina la Ceska. Iliundwa Chekoslovakia mwaka 1975, ni ya chuma kitupu, uzito wake unakaribia kilo moja bila risasi, na magazini yake huchukua 16. Uzito huo unaouchukia ukiwa umeivaa ndio unaotuliza mkono unapopiga, na mwanafunzi hujifunza haraka kwa bastola isiyomrukia. Kasoro yake ni kwamba mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, wa pili ni mfupi na mwepesi, kwa hiyo risasi mbili za mwanzo huelekea kutawanyika mpaka mkono uzoee. Kwenye B ya kawaida, kushusha nyundo iliyoinuliwa huku risasi ikiwa ndani hufanywa kwa kidole gumba huku ukivuta triga. Kidole kikiteleza, risasi inatoka. Ukipata BD, yenye wenzo wa kushusha nyundo mahali pa sefti, chukua hiyo.

Kuikagua si kazi ya fundi peke yake. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma), kisha angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa jicho na uipapase kwa kidole. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi moja itatoka na nyingine itaingia, nawe utadhani iko tupu. Ikishakuwa tupu, ivue slaidi: kwenye CZ 75 unalinganisha alama mbili ndogo za nyuma, moja kwenye slaidi na moja kwenye fremu, halafu unasukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutokea kulia. Iangalie pini hiyo kama ina ufa. Ni sehemu inayojulikana kukatika kwa matumizi mengi, na kuibadilisha ni bei ndogo. Mulika ndani ya mtutu. Vidoa vya kutu vinavumilika vikiwa vichache, lakini ukiona kivuli cheusi cha mviringo kama pete, rudisha: risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake, mtutu ukavimba.

Irudishe pamoja. Kwenye yenye sefti, vuta nyundo nyuma, weka sefti, vuta triga, nyundo isisogee. Toa sefti, sukuma nyundo kwa gumba bila kugusa triga, isianguke. Kisha dondosha penseli ndani ya mtutu, upande wa kifutio ukitangulia, elekeza bastola juu penye usalama na uvute triga. Penseli ikiruka nje, pini ya kupigia inafanya kazi. Ikitingishika tu, ama springi imechoka au njia ya pini imejaa uchafu. Jaribio hili lifanye mara moja au mbili tu, kwani CZ 75 B haipendi kuvutwa triga kavu; kipini kinachoshikilia pini ya kupigia hupinda na kuvunjika. Kwa mazoezi ya nyumbani tumia risasi bandia za plastiki.

Magazini ndiyo chanzo cha kukwama kwingi, na wanunuzi wengi hawaitazami. Midomo ya juu ikiwa imepinda au springi imelegea, risasi huingia ikiinamisha pua na slaidi hukwama katikati. Bastola nzuri yenye magazini mbovu itakufanya uilaumu bastola.

Ya pili, kwa anayetaka mpya: Canik ya Uturuki, hasa TP9 SF. Risasi 18, triga laini kuliko bei yake, fremu ya plastiki. Haina sefti ya kidole, na wepesi huo wa triga ndio unaotuzuia kuiweka juu. Mikononi mwa mtu asiyezoea kuweka kidole nje ya triga, ni hatari anapoirudisha kwenye ala.

Ya tatu ni Glock 19 iliyotumika. Risasi 15, gramu kama 600 bila magazini, sehemu zake ni chache, haichagui risasi. Ingekuwa ya kwanza kama si bei. Jambo moja: ili kuifungua kuisafisha ni lazima uvute triga, na risasi iliyosahaulika chembani imewatoboa watu mikono na kuta. Angalia chemba mara mbili.

Ya nne ni Taurus G3 ya Brazili, mpya na ya bei ya chini. Kwa nyumbani inatosha. Ikatae G3c fupi kama ya kwanza. Mtutu mfupi hurusha mkono na kufanya shabaha iwe ngumu. Na ukiuziwa PT 111 Millennium Pro ya zamani, iache: ni miongoni mwa aina zilizoingia katika mapatano ya mahakama ya Marekani mwaka 2015 juu ya madai kwamba zinaweza kufyatuka zikidondoka.

Ya mwisho ni bastola ya silinda ya .38 Special. Haikwami kirahisi na hata mzee huielewa papo hapo. Lakini ina risasi 5 au 6 tu, triga yake ni nzito kama kufungua bomba lililoshika kutu, na risasi zake si zile za 9x19.

Usiguse kabisa bastola za baruti tupu zilizochongwa upya ili zipige risasi. Chuma chake ni laini, hupasuka, na ni kosa la jinai juu ya hayo.

Sefu usiiache huru sakafuni; sefu ndogo hubebwa na watu wawili kwa bodaboda. Ifunge kwa bolti nne za milimita 10 kwenye zege, kutokea ndani. Nyumba ya mbao au matope, mwaga kipande cha zege sakafuni kwanza. Ufunguo usiwe kwenye bangili la funguo za nyumba, watoto wanaujua.

Kisumu, unyevu wa ziwa hula chuma. Usilaze bastola ndani ya ala ya ngozi, ngozi hushika jasho na kutoa kutu usiku mmoja. Weka pakiti za silika, zile za kunyonya unyevu, ndani ya sefu na uzibadilishe zinapojaa maji. Nakuru tatizo ni vumbi, na mafuta mengi huligeuza kuwa tope la kusaga. Tone moja kwenye kila reli ya slaidi linatosha.

Risasi unayoingiza na kutoa chembani kila asubuhi na jioni nayo huchoka. Pua husukumwa taratibu ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo hupanda vibaya siku utakapoipiga. Isimamishe kando ya mpya juu ya meza. Ikiwa fupi hata kwa unene wa kucha, itenge, usiipige wala kuitupa jalalani. Mpe muuzaji wako mwenye leseni.