Fungate Yangu na Yule Bwana wa Kaunta ya Mizigo

Ndege yenyewe sina neno nayo. Iliruka, ikatua. Anayetaka kujua upana wa viti akaangalie kwenye tovuti yao. Mimi hapa namsema mtu mmoja tu, yule bwana wa kaunta ya mizigo iliyochelewa, na kama ana ndugu anayesoma haya, amfikishie.

Tulikuwa tunaenda fungate, na njiani tukabadilisha ndege mbiombio. Mizigo mingi inayochelewa huachwa hapo hapo pa kuunganishia: abiria anaweza kukimbia, begi haliwezi. Kwa hiyo mkanda uliposimama, la mume wangu limetoka na langu halionekani, nilikasirika lakini nikaelewa. Hilo ningelisamehe kabla hata ya kufika hotelini.

Tukaenda kaunta. Bwana yule anatafuna kifuniko cha kalamu, simu kaiegemeza kwenye stepla, mpira unachezwa. Namweleza begi halijafika, ananyoosha mkono kupokea pasipoti bila kuinua macho. Mume wangu, akidhani tutaonewa huruma, akamwambia tuko fungate. Hapo ndipo alipotutazama.

"Fungate? Sasa nguo za nini?"

Akamkonyeza mume wangu. Mwenzake wa kaunta ya pili akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nimesimama na gauni nililolala nalo kwenye ndege, doa la juisi kifuani. (Na mume wangu, nampenda sana, alitabasamu kidogo. Ugomvi wa kwanza wa ndoa yetu ulianzia kwenye tabasamu lile, na hakuna fomu ya kuudai fidia.)

Hakuishia hapo. Akalinganisha pasipoti zetu. "Mbona majina hayafanani? Mmeoana kweli?" Mfanyakazi wa shirika la ndege huyo! Jina la kwenye tiketi sharti lifanane na la kwenye pasipoti, na pasipoti yangu bado ina jina la baba yangu. Bibi harusi anayekata tiketi kwa jina jipya huku pasipoti ni ya zamani ndiye anayejitafutia kuzuiwa kupanda. Tulilijua hilo mapema, ndiyo maana tukakata hivyo. Yeye ni kazi yake na halijui. Au analijua na anatafuta kicheko, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kisha akachana kipande cha karatasi, akaandika namba ya simu. "Mtapiga kesho." Hapo mume wangu alijikomboa. Alikataa kusogea bila kupewa ripoti ya mzigo, ile wanayoiita PIR, maana ndiyo ushahidi kwamba uliripoti ukiwa bado kiwanjani, na watu wa bima ya safari huiulizia kabla ya lolote. Namba yake ina herufi tatu za kiwanja, mbili za shirika, na tarakimu tano. Ndiyo unayoingiza kwenye tovuti kulifuatilia begi lako. Ile namba ya kwenye kikaratasi tuliijaribu baadaye, inaita tu. Basi akaichapa ripoti huku anasonya, na tulipogeuka akaturushia: "Nguo mtakazonunua ni juu yenu!"

Si kweli. Kwa safari za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, unaolibana shirika kwa hasara itokanayo na mzigo kuchelewa. Kikomo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kile kipimo cha fedha cha IMF. Usidhani ni zawadi ya harusi, ni kikomo: unadai ulichotumia kwa lazima, na risiti mkononi. Madai yaandikwe ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe begi. Kama limekuja limeharibika ni siku 7 tu. Haya yote nilijisomea kitandani, fungate, nimevaa fulana ya mume wangu.

Sasa niwape na haki yao. Begi lililetwa mpaka hotelini, kufuli halijaguswa. Na dada niliyempata baadaye kwenye simu, Mungu ambariki, alianza na "Pole sana, dada yangu, na hongera ya ndoa", akanieleza risiti zipi zitapita na zipi zisijisumbue. Vazi la kuogelea na viatu walilipa. Manukato waliyakataa, na kusema kweli hata mimi nilikuwa najaribu bahati. Kwa dada huyo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Halafu wakanitumia dodoso. Chakula kilikuwaje, sinema zilikuwaje, choo kilikuwaje. Kuhusu kaunta ya mizigo hakuna hata swali moja. Nilipoandika malalamiko yangu kwenye nafasi ya mwisho yakajibiwa papo hapo na mashine: asante kwa kutuchagua.

Nne zimeshuka zikawa mbili, zote za yule dada wa simu. Mume wangu anasema nimezidisha, bwana yule alikuwa anatania tu. Basi na yeye namtoa moja.